Matairi ya misimu yote ya bei nafuu kwa SUV na 4x4: namna ya kuyapima kabla ya kulipa

Ukienda kutafuta matairi ya gari kubwa, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni meno. Muuzaji atapitisha kidole kwenye mfereji, atagonga ubavu kwa kiganja, kisha atakuambia hili ni la kazi. Na kweli, meno makubwa hupendeza macho. Shida ni kwamba meno hayakuambii gari litasimama wapi mvua ikinyesha, wala hayakuambii tairi linabeba kilo ngapi. Kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ya chini hakipunguzi meno, kwa sababu hayo unayaona. Kinapunguza usichokiona: mchanganyiko wa mpira, nyuzi na mikanda ya ndani.

Kwa hiyo mimi hupima kwa mpangilio huu: uzito kwanza, breki kwenye maji pili, mengine yote baadaye. Kuna matairi ya bei nafuu yanayofaulu hapo bila shida. Kuna pia yasiyofaa hata kwa bure.

Hatua ya 1: Anza na gari, usianze na tairi

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake. Hapo kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na upepo unaotakiwa, mbele na nyuma. Magari mengine hukiweka ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kipige picha. Kama mwenye gari wa kwanza alishabadilisha saizi, usinakili kilicho kwenye tairi la sasa, nakili kibandiko.

Halafu jibu swali moja bila kujidanganya: katika kila kilomita kumi unazoendesha, ngapi ni za lami? Wenye 4x4 wengi ni tisa, pengine tisa na nusu, lakini wanaponunua matairi huwaza ile safari moja ya tope ya mwaka juzi. Matairi ya magari haya yamegawanyika katika koo tatu. H/T ni ya barabara kuu: meno madogo, kelele kidogo, mafuta nafuu. A/T ni ya mchanganyiko, meno yake ni makubwa na mifereji ni mipana. M/T ni ya tope na mawe. Mengi yanayouzwa kwa jina la misimu yote yako upande wa H/T. A/T hukupa uhai zaidi kwenye changarawe kali na majani yaliyolowa, lakini kwa kawaida unalipia kwa kelele, kwa mafuta, na kwa mita kadhaa zaidi za kusimama kwenye lami yenye maji. Usilinunue kwa sababu ya sura tu.

Hatua ya 2: Soma namba, hasa ile ambayo hakuna anayeisoma

Chukua saizi inayopatikana kwenye Toyota Prado nyingi: 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. R ni radiali, 17 ni rimu kwa inchi. Watu wengi huishia hapo. Lakini 112 ndiyo namba inayohusu uhai wako: ni fahirisi ya mzigo, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo kamili. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa.

Fahirisi zinazokutana mara nyingi na magari haya ni hizi: 96 ni kilo 710, 98 ni kilo 750, 102 ni kilo 850, 106 ni kilo 950, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120, na 116 ni kilo 1,250. Kanuni ni fupi: usishuke chini ya ile ya kibandiko, hata kwa namba moja, hata ukiambiwa "saizi ni ileile". Saizi inaweza kuwa ileile na uwezo ukawa mwingine kabisa. 225/65R17 hupatikana ikiwa na 102, na hupatikana pia ikiwa na 106 yenye maandishi XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba zaidi. Kwa jicho huwezi kuyatofautisha.

Usipige hesabu kwa kuzidisha mara nne tu. Matairi manne ya kilo 850 ni kilo 3,400, na kwa SUV ya wastani hiyo inaonekana kubaki nyingi. Lakini gari halibebi sawasawa. Jaza abiria watano, mizigo nyuma, mabegi kwenye kerea, kisha fungia tela, na ekseli ya nyuma inabeba sehemu kubwa kuliko ya mbele. Tafuta uzito wa juu wa kila ekseli kwenye kibao cha gari au kwenye kitabu chake, ugawe kwa mbili, ndipo upate kilo ambazo tairi moja lazima lizimudu. Kisha ongeza nafasi ya kupumua.

Ukiona herufi LT mbele ya saizi, hilo ni tairi la gari la mizigo midogo. Lina ubavu mgumu zaidi na kwa kawaida lina fahirisi mbili, kama 121/118; ya kwanza ni ya gurudumu likiwa peke yake, ya pili ni pale magurudumu mawili yanapokaa pamoja upande mmoja wa ekseli. LT ni zuri kwa mawe na mzigo mzito, ila linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe kiasi kilekile, kwa hiyo upepo wa kibandiko unaweza usitoshe. Fundi asiyejua hili atakujazia ule wa zamani, nawe utaendesha tairi legevu linalopata moto ndani. Upande wa pili, Marekani wana desturi ya kupunguza uwezo wa tairi la P, yaani la gari dogo, linapofungwa kwenye SUV au pikapu: kilo za fahirisi hugawanywa kwa 1.1. Kilo 1,120 zinakuwa kama 1,018.

Kuhusu herufi ya mwendo: Q ni 160, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Utasema mimi sikimbii hivyo. Sawa, lakini herufi hiyo kwa kweli inapima namna tairi linavyovumilia joto, na gari zito lililojaa watu kwenye jua la saa nane mchana linatengeneza joto la kutosha hata likienda 100. Fuata kibandiko.

Ukitaka kubadilisha saizi, pima kipenyo kwanza. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, ongeza rimu (inchi moja ni milimita 25.4). 265/65R17 inatoa milimita 776. 265/70R17 inatoa 803. Tofauti ni kama asilimia 3.4, kwa hiyo spidi mita ikisoma 100 wewe unaenda karibu 103, na gia zote zimekuwa nzito kidogo. Mfano wa mabadiliko yasiyo na madhara ni 235/65R17 kwenda 235/60R18: 737 na 739.

Hatua ya 3: Jua "misimu yote" ina maana gani kwenye tairi lililo mbele yako

Jina hili lina historia mbili. Marekani lilienea baada ya Goodyear kuleta Tiempo mwaka 1977, tairi la mwaka mzima lisilohitaji kubadilishwa majira yakigeuka. Huko Ulaya msukumo mpya ulikuja mwaka 2015, Michelin ilipotoa CrossClimate, lililokuwa karibu zaidi na tairi la kiangazi lililofunzwa theluji. Matokeo yake ni kwamba matairi mawili yenye neno lilelile ubavuni yanaweza kuwa na tabia tofauti sana.

Tafuta alama mbili. Ya kwanza ni M+S, kifupi cha tope na theluji. Hii inatolewa kwa kuangalia umbo la mifereji tu. Mtengenezaji anaweza kuiweka bila tairi kukanyaga theluji hata siku moja. Ya pili ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo haipatikani bila jaribio la mvuto kwenye theluji dhidi ya tairi la kulinganishia. Ujerumani, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 haitambui tena M+S peke yake kama tairi la baridi. Lazima mlima uwepo.

Je, wewe unauhitaji mlima? Kama unapita kwenye theluji au barafu, hata wiki mbili kwa mwaka, ndiyo, na usikubali mbadala. Kama hujawahi kuona theluji, usilipie alama hiyo. Mpira uliotengenezwa kubaki laini kwenye baridi mara nyingi huisha haraka joto likiwa kali, na gari zito hulifanya jambo hilo kuwa baya zaidi.

Angalia pia kama meno yanaelekea upande mmoja, yakiwa na umbo la V na mshale ubavuni. Ni umbo zuri kwa kutoa maji. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuhamisha tairi kutoka kulia kwenda kushoto bila kulitoa kwenye rimu na kuligeuza, na spea yako itakuwa sahihi kwa upande mmoja tu wa gari.

Hatua ya 4: Maji. Hapa usiwe na haraka

Kwenye lami kavu, tairi la bei ya chini na la bei ya juu hutofautiana, lakini si kwa kukutisha. Ukimwaga maji, tofauti inaanza kutoa sauti. Sababu ni kemia: kushika lami iliyolowa kunahitaji mpira unaoingia kwenye vinyweleo vya lami na kunyonya nguvu, na kudumu kilomita nyingi kunahitaji mpira mgumu. Silika (unga wa madini unaochanganywa kwenye mpira) na mchanganyiko mzuri wa polima husaidia kupata yote mawili, na hivyo vina gharama. Mtengenezaji asiyetaka kuvilipia huchagua kimoja, na anajua mnunuzi huuliza "litadumu?" kabla hajauliza "litasimama?"

Chukulia magari mawili yanakwenda sambamba kwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami yenye maji. Yanafunga breki kwa pamoja. La kwanza linasimama baada ya mita 35, la pili baada ya 45. Mita kumi zinasikika kama kitu kidogo. Lakini mahali pale gari la kwanza liliposimama kabisa, la pili bado linakwenda karibu kilomita 38 kwa saa, kwa sababu sehemu kubwa ya mwendo humalizikia mita za mwisho. Mtu akiwa amesimama hapo, tofauti ya matairi inakuwa kilomita 38 kwa saa.

Sasa utajuaje bila kulinunua? Kuna vyanzo vitatu.

Cha kwanza ni lebo ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza katika sura yake ya sasa Mei 2021. Inapanga mshiko wa maji kutoka A hadi E, kwa kulinganisha breki za tairi na za tairi la kulinganishia. Hata kama unanunua nje ya Ulaya, tairi likiuzwa na huko utapata lebo yake kwenye hifadhi ya wazi iitwayo EPREL. Andika jina la tairi na saizi kamili. Saizi kamili nasisitiza, maana jina lilelile linaweza kuwa B kwenye saizi moja na C kwenye nyingine. Kwa gari la tani mbili mimi nataka B. C naikubali kwa mtu anayeendesha polepole. D na E naziacha dukani. Kumbuka tu kwamba lebo haisemi chochote kuhusu kuelea juu ya maji (tairi kupanda juu ya maji na kuacha kugusa lami), kona, wala maisha ya tairi.

Cha pili ni madaraja ya Marekani yaliyochapwa ubavuni: namba ya uchakavu (ikiwa kubwa, tairi linadumu zaidi), herufi ya mvuto na herufi ya joto. Mvuto hupimwa kwa breki za kunyooka kwenye lami na zege iliyolowa, na AA ndiyo ya juu, ikifuatiwa na A, B, C. Namba ya uchakavu hutokana na kuendesha kama kilomita 11,600 kwenye njia ya majaribio Texas, kisha mtengenezaji mwenyewe hukadiria. Kwa hiyo 600 ya kampuni moja na 600 ya nyingine si ndugu. Mimi huitumia namba hii kwa kazi moja: kunusa ugumu. Tairi likijisifu kwa 700 huku mvuto wake ni B, mpira wake ni mgumu, nami naendelea na safari. Matairi ya LT hayawekewi madaraja haya, usiyatafute.

Cha tatu watu wengi hawakijui. Karibu na alama ya E ndani ya duara kuna namba ya idhini, na mwishoni mwake unaweza kuona herufi kama S2WR2. S ni kelele, R ni ukinzani wa kuviringika, na W ni kwamba tairi lilivuka kiwango cha chini cha mshiko wa maji. Ni kiwango cha chini tu, si sifa. Lakini tairi jipya la misimu yote lisilo na W, na lisilo na lebo popote, kwangu limeshajibu swali.

Kuhusu kuelea juu ya maji, iko kanuni ya zamani ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya miaka ya 1960, iliyotokana na matairi ya ndege, inayofunga mwendo wa kuelea na upepo wa tairi. Kwa psi 36 (psi ni kipimo cha upepo) inatoa kama kilomita 100 kwa saa. Kwa psi 25 inatoa kama 83. Gari lako si ndege na meno yako yanasaidia, lakini mwelekeo ni uleule: tairi zuri lenye upepo mdogo huelea mapema. Na tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, jambo ambalo wapenda rimu kubwa hawapendi kusikia.

Hatua ya 5: Soma majaribio, na usome maoni kwa jicho la kutia shaka

ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, na Consumer Reports, jarida la wanunuzi la Marekani, hupima matairi kwa vipimo vya kweli, na matokeo mengi yako wazi angalau kwa muhtasari. Saizi za SUV hupimwa kwa nadra kuliko za magari madogo, kwa hiyo pengine utalikuta tairi lako kwenye saizi jirani. Tumia matokeo hayo, ila kwa tahadhari. Usiangalie nafasi ya jumla. Angalia mita za breki kwenye maji. Tairi la saba kwa jumla linaweza kuwa limeshushwa na kelele, na kelele haiui mtu.

Maoni ya wanunuzi ni hadithi nyingine. "Nimefunga jana, yako poa sana" halina maana yoyote. Kila tairi jipya ni zuri ukitoka kwenye kipara. Tafuta maoni ya mtu aliyepita kilomita 20,000 mwenye gari la uzito kama wako, usome analalamikia nini: kuvuma baada ya muda, kuliwa upande mmoja, kutobalansika, nyufa. Malalamiko yakijirudia kwa watu wasiojuana, yaamini.

Hatua ya 6: Jua ukoo wa tairi

Bei nafuu ina matabaka mawili, na ni kosa kuyachanganya. La juu ni majina ya pili ya kampuni kubwa. Laufenn ni la Hankook. General, Barum na Matador ni ya Continental. Kleber ni la Michelin, na Dayton ni la Bridgestone. Mara nyingi matairi haya hutumia teknolojia ya kizazi kilichopita cha kampuni mama, na hilo si baya hata kidogo. Teknolojia ya miaka kumi iliyopita kutoka kwa mtu anayeijua kazi hushinda ya leo kutoka kwa anayebahatisha. La chini ni majina yanayozuka na kupotea, tairi lilelile likiuzwa kwa majina matatu. Kipimo changu ni kuuliza: kampuni ina tovuti yenye jedwali la saizi, fahirisi na masharti ya dhamana? Ukipata uvimbe ubavuni mwezi wa tatu, utamwonyesha nani?

Soma pia masharti ya dhamana ya kilomita kama ipo. Nyingi hulipa kwa kupunguza kilichotumika, na hudai uthibitisho kwamba umekuwa ukizungusha matairi kwa wakati. Risiti za fundi ziwekwe.

Hatua ya 7: Lishike tairi lenyewe

Usikubali kufungiwa kabla hujakagua. Tafuta maandishi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tarakimu hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo waligeuze. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Tairi la mwaka mmoja halina shida. La miaka mitatu linadai punguzo la maana. La miaka mitano usilichukue, maana watengenezaji wa magari kadhaa hutaka tairi libadilishwe likitimiza sita, na wengi wa watengenezaji wa matairi huweka ukomo kwenye kumi. Kagua yote manne, si lile la juu tu.

Kisha soma maandishi madogo ya ubavuni yanayotaja tabaka. Yatakuambia kitu kama: usoni polista 2, chuma 2, nailoni 1, ubavuni polista 2. Nailoni ile juu ya mikanda ya chuma hushikilia tairi lisivimbe likipata joto na mwendo, na kwa gari zito naitafuta. Ukiwa mtu wa mawe, ubavu wenye tabaka 3 una thamani kuliko meno makubwa.

Ingiza kipimo cha kina kwenye mfereji. H/T jipya huwa karibu milimita 8 hadi 10, A/T hufika 12 au zaidi. Halafu angalia ile mikato midogo myembamba kwenye meno, inayong'ata barafu na maji. Inashuka hadi chini, au ni mikwaruzo ya juu tu? Kwenye tairi la kubana bei, mikato huisha tairi likiwa nusu, na misimu yote inabaki msimu mmoja.

Hatua ya 8: Gawanya bei kwa kilomita, lakini baada ya hatua ya 4

Chukua tairi la bei 100 litakalokwenda kilomita 40,000, na la bei 160 litakalokwenda 70,000. Ongeza kufunga, balansi na alaimenti, tuseme 20 kwa kila tairi, maana gharama hizo hazijui tairi ni la nani. La kwanza linakula 3.0 kwa kila kilomita elfu. La pili 2.6. Waswahili husema rahisi ghali, na hapa hesabu inawaunga mkono. Ila haiwaungi mkono kila mara: la bei 100 likifika 55,000 linakula 2.2, nalo limeshinda. Ndiyo maana nasema hesabu hii ije mwisho, kati ya matairi ambayo tayari yamefaulu mzigo na maji. Ukiianza mapema itakuchagulia lile gumu.

Hatua ya 9: Manne au hakuna

Gari linaloendeshwa na magurudumu yote muda wote linataka miduara minne inayolingana. Tofauti ya milimita 2 ya kina ni milimita 4 za kipenyo na karibu milimita 13 za mzunguko, kwa kila duru moja, kilomita nzima, safari nzima. Kiungo kilicho kati ya mbele na nyuma kinalazimika kusawazisha tofauti hiyo bila kupumzika, kinapata moto, na ukarabati wake unazidi bei ya matairi manne. Kitabu cha gari kitataja tofauti inayoruhusiwa, iheshimu. Kwa 4x4 ya kuingiza kwa gia, tatizo linatokea ukiingiza 4x4 kwenye lami kavu: transfa, gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, inajikaza, na zaidi matairi yakiwa hayalingani.

Gari likiwa la magurudumu mawili ya kuvuta na huna budi kununua mawili, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, madereva wengi hawawezi kuirudisha.

Hatua ya 10: Baada ya kufunga

Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo ujazwe matairi yakiwa baridi. Kilomita 300 hadi 500 za mwanzo nenda taratibu. Juu ya mpira mpya kuna mabaki ya dawa ya kutolea kwenye kalibu, na yanateleza. Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Siku ya kwanza, pima kina sehemu tatu kwa kila tairi, ndani, katikati na nje, uandike pamoja na kilomita za gari. Rudia baada ya 10,000. Katikati ikiisha kwanza, upepo umezidi. Pande zote mbili zikiisha, umepungua. Upande mmoja tu, rudi kwenye alaimenti kabla tairi halijaharibika. Tairi lililoanza na milimita 9 likisoma 8.2, limetumia 0.8. Sheria katika nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6, lakini kwenye maji mimi huliondoa likifika 3, na kwenye theluji likifika 4. Kutoka 9 hadi 3 ni milimita 6, kwa hiyo kwa mwendo huo litakwenda kama kilomita 75,000. Likisoma 7.5, ni kilomita 40,000 tu, na utajua hilo mapema, bado ukiwa na risiti na muda wa kudai dhamana.